Kidonda Kisichopona

Nani kati yetu asiyemjua mtu mwenye kidonda cha mguu? Katika kila kijiji yuko. Twamwona asubuhi ameketi barazani, mguu umefungwa kitambaa, inzi wanamzunguka, naye awafukuza kwa jani la mgomba. Watoto wamekwisha kumzoea. Tukipita twamsalimu, twamwuliza habari za mguu kama vile tungemwuliza habari za mbuzi wake. Yeye ajibu: "Upo tu." Nasi twaendelea na safari yetu. Wazee waliuita ugonjwa huu donda ndugu, na jina hilo lafaa sana, kwani kidonda cha namna hiyo chaingia nyumbani kama ndugu aliyekuja kutembea siku mbili, halafu hupati neno la kumwambia aondoke.

Leo twataka kuwaeleza jambo ambalo sisi wenyewe tulichelewa kulijua: kwamba kidonda kilichokaa miaka mingi, au kovu la moto lenye kufunguka na kufunga kila mara, laweza kugeuka kansa ya ngozi. Tutaeleza pia namna waganga wanavyoipasua kansa hiyo ikiwa imekwisha kukomaa, na faida gani yapatikana, na gani haipatikani. Haya hatukuyajua kwanza kitabuni. Tuliyaona katika mguu wa mjomba wetu, kaka ya mama.

Mwaka 1975 mjomba alikuwa mtoto wa miaka saba. Kwao, kando ya ziwa Tanganyika, watu walikuwa wakichemsha mawese katika pipa. Watoto walikuwa wakifukuzana, yeye akateleza, pipa likainama, na mafuta yakamwagika juu ya mguu wake wa kushoto, toka chini ya goti mpaka kifundo. Wakampaka asali, wakamfunika majani, wakamlaza. Baada ya miezi minane hivi kidonda kilifunga. Lakini ngozi iliyorudi haikuwa ngozi. Ilikuwa kitu chembamba, chenye kung'aa kama karatasi iliyolowa mafuta, kisichotoa jasho wala kuota nywele. Alipokuwa mvuvi, kamba ya wavu ikiugusa muundi, pale pakafunguka. Akakaa majuma mawili nyumbani, pakafunga. Hivyo miaka karibu 40. Tangu mwaka 2014 hapakufunga tena.

Wakati ule sisi tulikuwa tumekwisha kutoka seminari na kuanza kazi ya ukatekista. Watu walitudhania kuwa twajua mambo ya dawa, kwa sababu tu tuliweza kusoma karatasi iliyomo katika sanduku la vidonge. Na sisi, tuseme kweli, hatukuwakatalia. Tulimnunulia mjomba tetrasiklini, vile vidonge vya rangi mbili, tukavipasua na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda, kama kila mtu afanyavyo pande zetu. Unga ule ulikausha maji siku mbili tatu, tukafurahi. Kumbe tulikuwa twapaka chokaa ukuta unaoliwa na mchwa ndani.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 kidonda kiligeuka. Kando zake ziliinuka na kupinda nje kama mdomo wa chungu. Katikati ikaota nyama, yenye vichwa vichwa kama shufleri, ile kabichi nyeupe wanayouza sokoni Bukavu. Ukiigusa kwa pamba tu, damu yatoka. Tena ilianza kunuka.

Juu ya harufu hiyo twapenda kukaa kidogo, kwani waganga wakiandika habari za kansa wahesabu miaka na matezi, lakini mgonjwa mwenyewe ahesabu watu waliobaki karibu naye. Mjomba alikuwa mtu wa baraza, mwenye maneno mengi na kicheko. Kwanza alihamisha mkeka wake mpaka mwisho wa baraza. Halafu alianza kula peke yake, akisema hana njaa wenzake wakila. Halafu alilala katika nyumba ya jikoni. Kanisani aliketi karibu na mlango, kisha nje chini ya mwembe, kisha hakuja. Hakuna mtu aliyemfukuza hata mara moja. Alijifukuza mwenyewe, hatua kwa hatua, ili asiwape watu kazi ya kumfukuza.

Mwezi wa Machi mwuguzi wa kituo cha afya alimtazama, akasema: "Mimi sina dawa ya kitu hiki. Mpelekeni hospitali kubwa, wakate kipande wakichunguze." Ikasemwa kwamba yafaa kungoja kwanza, mpaka muhogo utolewe na ndagala ziuzwe, fedha ya safari ipatikane. Kidonda kilichokaa miaka minne, kitashindwa kungoja miezi michache? Tulisafiri mwezi wa Novemba, kwa mtumbwi wa mota, halafu siku nzima juu ya lori.

Mganga-mpasuaji alikuwa kijana kutushinda sisi. Alikata vipande vinne vidogo, vyote kandoni mwa kidonda, pale palipoinuka. Tulimwuliza kwa nini hakukata katikati, penye nyama nyingi. Akasema katikati mara nyingi kumeoza tu, na mwenye kuchunguza nyama iliyooza hatapata jibu. Kansa iliyo hai yatambaa kandoni. Vipande vikatiwa katika formoli, vikapelekwa mjini. Tulingoja jibu majuma matano. Kungoja huko, tukila kwa deni na kulala chini ya vitanda vya wagonjwa, kulitufundisha kwamba katika nchi yetu ugonjwa huu wapewa muda mwingi na watu wote: na mgonjwa, na jamaa, na barabara, na maabara.

Wakati huo walipiga mguu radio. Mganga aliinua picha mbele ya dirisha, akatuonyesha mfupa wa muundi. Mahali pamoja ulikuwa umelika, kama kijiti cha uzio kilicholiwa na mchwa. Jibu la maabara lilipofika likasema hivyo hivyo kwa maneno yake: kansa ya ngozi, ya aina iitwayo epidermoidi.

Alitueleza kwa subira. Mwaka 1828 mpasuaji mmoja wa Ufaransa, Jean-Nicolas Marjolin, aliandika juu ya vidonda vya ajabu vinavyoota katika makovu. Mpaka leo waganga wavitaja kwa jina lake, ingawa yeye mwenyewe hakutambua kwamba ni kansa. (Tulipolisikia hilo tulifarijika kidogo: hata mwenye jina alidanganyika.) Ngozi yenye kupasuka na kujiunga, kupasuka na kujiunga, yaamuru chembe zake zizae kila siku ili kuziba tundu. Baada ya miaka mingi, vitabu vyataja kama 30, zatokea chembe zisizosikia tena amri ya kuacha kuzaa. Tena kovu lina mishipa michache, hata walinzi wa mwili hawafiki pale vizuri. Kansa yajificha ndani yake kama mwizi katika nyumba isiyo na watu, na ikitoka nje ya kovu yakimbilia matezi ya kinena. Ndiyo maana kansa ya kovu ni kali kuliko kansa nyingine nyingi za aina yake.

Msifikiri kwamba kansa ya ngozi ni mambo ya makovu tu. Ndugu zetu albino waipata kwa sababu ya jua, hasa usoni, masikioni, mdomoni na shingoni, tena wakiwa vijana bado, kwa kuwa ngozi yao haina rangi ya kuikinga. Kofia pana, mikono mirefu na dawa ya kupaka dhidi ya jua si mapambo kwao. Nasi watu weusi tuna nyingine, melanoma, ambayo kwetu yapenda kuota chini ya unyayo au chini ya ukucha, mahali tusipopatazama. Yaanza kama doa jeusi, twadhani ni mwiba au damu iliyoganda. Mwaka 1970 mganga wa Marekani, Alexander Breslow, alionyesha kwamba yapasa kupima unene wake: yule ambaye doa lake halijafika milimeta 1 kwenda chini ana tumaini kubwa, na kwa kila milimeta inayoongezeka tumaini lapungua. Twafikiri kipimo hicho chatosha kuonyesha maana ya kuchelewa. Tofauti kati ya mtu na mtu yaweza kuwa nyembamba kuliko ukucha.

Tena msifikiri kwamba wapasuaji wapenda kukata. Zamani, kwa melanoma, walikata sentimita 5 za nyama nzima kuzunguka doa, na kuacha shimo kubwa. Baadaye walifanya majaribio, wakawagawa wagonjwa makundi mawili, wakaona kwamba kwa wengi sentimita 1 au 2 zatosha, nao waliokatwa sana hawaishi zaidi. Hata matezi: mwaka 2017 yalitolewa majibu ya jaribio kubwa lililoonyesha kwamba, ikiwa kansa iliyoonekana katika tezi la kwanza ni kidogo, kuyang'oa matezi yote mara moja hakumwongezei mgonjwa uzima kuliko kuyachunga kwa uangalifu. Kisu kimejifunza kiasi. Lakini kiasi hicho ni cha wale wanaokuja mapema.

Kwa kansa kama ya mjomba, mganga alisema, ikiwa ndogo na haijagusa mfupa, wapasuaji waiondoa pamoja na sentimita 2 au zaidi za ngozi nzima, kisha wachukua ngozi nyembamba ya paja na kuipandikiza juu ya tundu. Kansa ya epidermoidi ya kawaida, iliyo ndogo na kukatwa vizuri, katika watu 10 yapona kwa 9 na zaidi. Ya kovu si rahisi hivyo, lakini mguu wabaki. Mfupa ukiisha kulika, haiwezekani kuchagua nyama na kuacha mfupa. Yapasa kukata mguu.

Tulikaa baraza la jamaa chini ya mti wa hospitali. Mdogo wake mjomba alisema mtu wa ukoo wetu haingii kaburini nusu. Mwingine alimjua mfumu mmoja ng'ambo ya mto. Mwana wa dada yetu, kijana wa mjini, akasema: "Hata Bob Marley alikataa kukatwa." Wengine wakacheka, lakini tuliona kwamba neno lile limeingia. Basi tulilazimika kulijibu. Ni kweli, mwaka 1977 walimkuta mwanamuziki huyo na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Walimshauri kukata kidole. Alikataa kwa ajili ya dini yake, akakubali kupasuliwa kidogo tu. Tarehe 11 Mei 1981 alikufa huko Miami, mwenye miaka 36, kansa imekwisha kufika mapafuni na katika ubongo. Ugonjwa wake ulikuwa wa aina nyingine, wala hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba kidole kingemwokoa. Lakini alikuwa na kidole cha kutoa, na mjomba sasa alikuwa hana cha kutoa ila mguu.

Mjomba mwenyewe hakusema neno siku ile. Kesho yake alimwuliza mganga: "Nikikatwa, nitapona?"

Mganga akajibu: "Mzee, sijui. Matezi ya kinena yako yamevimba. Pengine ni usaha tu umeyavimbisha, pengine kansa imekwisha kufika. Sitaki kukudanganya. Lakini jambo moja nalijua: harufu itakwisha."

Mjomba alitazama chini muda mrefu. Halafu akatuambia sisi: "Mpwa wangu, waambie wakate."

Walimkata mwezi wa Januari 2019, chini ya goti, kiasi cha upana wa mkono, ili goti libaki. Maana mwenye goti lake atembea vizuri zaidi na mguu wa bandia. Walimchoma sindano ya mgongoni, asisikie maumivu, lakini alikuwa macho na msumeno aliusikia. Baadaye alipenda kuuigiza sauti yake mbele ya watoto, nao wakakimbia kwa furaha na hofu.

Mguu uliokatwa walituuliza kama twautaka. Mjomba alikuwa amesema kabla: "Usizikwe bila mtu wa ukoo kuwapo." Basi tulikwenda sisi na mdogo wake, yule yule aliyepinga, tukauzika nyuma ya hospitali. Yeye ndiye aliyechimba. Hatukujua sala gani yafaa kwa mguu, na katika seminari hawakutufundisha. Tulisimama kidogo, tukarudi.

Baada ya majuma matatu ya antibiotiki, matezi mengi ya kinena yalipungua. Moja lilibaki, gumu kama kokwa ya mchikichi. Walimpasua tena, wakayatoa matezi ya upande ule. Maabara ikaandika: mawili yana kansa. Upasuaji huu wa pili ulimtesa kuliko wa kwanza. Kidonda cha kinena kilitoa maji majuma mengi, na paja likavimba, kwa sababu maji ya mwili hayana tena njia yao. Hayo hutokea kwa wengi, wala si kosa la mpasuaji. Katika nchi tajiri wangeongeza mionzi. Mashine ya mionzi haikuwapo katika mkoa wetu. Ziko pia dawa mpya zenye kuamsha walinzi wa mwili, kama semiplimabu, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2018 kwa kansa ya aina hii iliyokomaa. Mganga alituandikia jina lake juu ya kikaratasi kwa kuwa tulimwomba. Alituambia tusiiuze nyumba kwa kuitafuta.

Lakini harufu ilikwisha siku ya tatu. Mkewe, aliyelala majuma kadhaa upande wa pili wa chumba kwa ajili ya wagonjwa wenzake waliolalamika, alisogeza mkeka wake karibu na kitanda. Hakusema kitu. Mjomba akageuka ukutani, tukajua kwamba analia, tukatoka nje.

Alirudi kijijini mwezi wa Aprili kwa magongo. Jioni ya kwanza wanaume walimwita kula nao sahani moja, ugali na ndagala na sombe, naye aliweka mkono wake katikati. Miezi iliyofuata alishona nyavu za kijiji kizima akiwa ameketi, akagombana na kila mtu juu ya bei. Mguu wa bandia aliupata mwezi wa Agosti. Aliuvaa siku ya Jumapili tu, akisema wala bure siku za kazi. Mwezi wa Desemba aliongoza mazungumzo ya mahari ya binti yake, siku mbili nzima, na waliotoka upande wa mume hawatamsahau.

Mwezi wa Aprili 2020 uvimbe ulirudi kinenani. Mwaka ule safari zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya Korona, lakini hata kama barabara ingekuwa wazi, mganga alitueleza kwa simu kwamba hapakuwa na mahali pa kukata tena. Masista walitupatia dawa ya maumivu. Alikufa mwezi wa Septemba, nyumbani, chumbani mwake, siyo jikoni.

Wako wanaosema walimkata bure, maana alikufa na kansa ile ile. Twawasikia matangani mpaka leo. Twawajibu kwamba alipata miezi 14 ya kukaa na watu, na kwamba wakati wa kidonda kikubwa hakuwa nayo hata siku moja. Mwenye kuona hiyo ni kidogo, na akae mwezi mmoja jikoni peke yake, halafu atuambie. Hata hivyo twakiri kwamba jibu letu lina shimo, kwani kuna hesabu nyingine ambayo hawatuulizi.

Kabla hatujafika hesabu hiyo, twawaomba jambo moja. Mkiwa na mtu nyumbani ambaye kidonda chake kimepita miezi mitatu bila kufunga, au kovu lake la zamani limeanza kuinuka kandoni, kuota nyama, kutoa damu ovyo, kunuka au kuuma kwa namna mpya, msimnunulie unga. Mpelekeni, mwombe kwa sauti wakate kipande wakichunguze. Na mtoto akiungua sana, msingoje kovu lijifanye lenyewe miezi minane. Ulizeni kama waweza kumpandikizia ngozi.

Sasa ile hesabu. Siku tulipoleta habari za msiba hospitali, mke wa mjomba alimwuliza mganga: "Tungalikuja mwezi ule wa Machi, mfupa ungalikuwa mzima?" Mganga alijibu: "Pengine, mama. Siwezi kuapa." Akauliza tena: "Na matezi?" Akajibu: "Pengine."

Tulisema hapo juu kwamba ikasemwa yafaa kungoja mpaka ndagala ziuzwe. Mjomba siku ile alikuwa tayari kusafiri. Alikuja nyumbani kwetu jioni, anachechemea, kutuuliza sisi kwa kuwa ndisi tuliosoma. Sisi ndio tuliomwambia angoje. Hatukutaka kuacha mafundisho ya wabatizwa wa Pasaka ili kumsindikiza, na mtu mwingine wa kumsindikiza hatukumtafuta. Mkewe hakuwapo barazani, wala mjomba hakumwambia kamwe. Amekufa akiacha kila mtu adhani ni yeye aliyechelewa kwa ajili ya fedha.

Mama huyo ajua kusoma, na gazeti hili twampelekea sisi wenyewe kila linapofika. Hili pia tutampelekea.